Jinsi ya Kuchuna Kichwa cha Nyara na Kuvua Pembe: Mwongozo Kutoka Tabora

Kijana wa Tabora akiniambia anajua kuchuna, najua amejifunzia kwa mbuzi. Amemwona baba au mjomba akimlaza mnyama chali, akapitisha kisu kuanzia kidevuni hadi tumboni, ngozi ikavuka kama shati. Kwa nyama, huo ni ujuzi mzuri. Kwa kichwa cha kutundikwa ukutani ndio unaoharibu kazi, kwa sababu kichwa hicho kitatazamwa kutoka chini, na mshono wa kooni utaonekana kabla ya macho na pembe. Huku kwetu tunapasua mgongoni. Koo haliguswi.

Elewa kwanza kazi yako inakwenda wapi. Ukutani hakuna nyama wala shingo halisi. Ndani kuna umbo la povu gumu lililochongwa mfano wa mnyama, juu yake limevalishwa ngozi iliyosindikwa, kisha pembe zikafungwa mahali pake na macho ya kioo yakawekwa. Fundi atakayefanya hayo huenda yuko Arusha au ng'ambo kabisa, na hakumwona mnyama akiwa mzima. Atafanya kazi na vitu vitatu tu: ngozi uliyomtumia, pembe ulizomtumia na vipimo ulivyoandika. Ngozi iliyonyonyoka manyoya hakuna fundi duniani anayeweza kuyarudisha.

Jambo la sheria nalisema mapema. Kichwa, pembe na ngozi ya mnyamapori ni nyara, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kuwa navyo bila hati halali. Mtu akikuletea kichwa cha korongo (yule swala mkubwa, si ndege) usiku kwa baiskeli akitaka umchunie, kataa. Chuna mnyama wa kibali tu, na namba ya kibali ikae pamoja na ngozi tangu siku ya kwanza.

Lakini kujifunza hakuhitaji kibali. Nenda machinjioni ukanunue kichwa cha beberu mwenye pembe, umwombe mchinjaji akuachie ngozi ya shingo yote. Koo litakuwa limeshakatwa, hilo halizuiliki, ila macho, masikio, midomo, pua na pembe viko vilevile kama vya palahala, swala mkubwa wa pembe ndefu, vidogo tu. Chuna vichwa kumi vya beberu kabla hujagusa kichwa cha mteja.

Pembe si za aina moja

Wengi wanajifunza siku hizi kwa video za simu, na nyingi kati yake zinaonyesha kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe. Ni mafundisho mazuri, ila pembe za kulungu na za wanyama wetu zimeumbwa tofauti kabisa, na asiyelijua hilo atajikuta na pembe zinazonuka.

Pembe ya kulungu ni mfupa mtupu. Huota kila mwaka ikiwa imefunikwa na ngozi laini yenye mishipa ya damu, ngozi hiyo ikakauka na kubanduka, pembe ikatumika msimu wa kupandana, kisha ikadondoka na nyingine kuanza. Mara nyingi ina matawi. Kuitoa ni kazi ya msumeno peke yake: unakata kipande cha fuvu kinachobeba pembe zote mbili, unasafisha ubongo na nyama, basi. Kipande hicho kisipasuliwe katikati. Boone and Crockett, wanaotunza rekodi za pembe huko Marekani, hawapokei fuvu lililopasuliwa, kwa kuwa upana kati ya pembe mbili hauaminiki tena. Pia wanataka pembe zikauke siku 60 kabla ya kupimwa.

Huku kwetu hakuna kulungu wa namna hiyo. Afrika nzima kulungu wa asili wenye pembe za mfupa wako kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Wanyama wa misitu ya miombo, kuanzia Sikonge na Kaliua hadi Ugalla, yaani palahala, korongo, kongoni, nyamera, kuro, tandala, pofu na swala pala, wana pembe za jamii ya ng'ombe na mbuzi. Kwa nje kuna ganda, ambalo ni kitu kimoja na kwato na kucha. Ndani kuna kiini cha mfupa kilichoshikana na fuvu. Kati ya ganda na kiini kuna utando wa nyama wenye damu. Utando huo ndio adui: usipotolewa utaoza humohumo, utatoa harufu miezi mingi na kuita wadudu. Umewahi kuokota porini fuvu la zamani ambalo pembe zake zimeota vijiti vidogo kama vidole vya udongo? Hiyo ni kazi ya viwavi wa nondo wa pembe, wanaokula ganda lenyewe. Wanaweza kuifanya hata ghalani kwako.

Vifaa

Kisu kimoja kifupi chenye ncha, bapa la urefu wa kidole cha kati, ndicho kitafanya sehemu kubwa ya kazi. Ongeza wembe wa upasuaji kwa ajili ya macho na midomo, kinoo, bisibisi bapa iliyosuguliwa kingo zisikate, msumeno wa mifupa wenye meno madogo, futi ya kitambaa ya fundi cherehani, daftari na glavu. Kisu kikishaanza kuvuta badala ya kukata, simama ukinoe. Matundu mengi kwenye ngozi hutokana na kisu butu kinacholazimishwa kwa nguvu.

Chumvi ndiyo mzigo mkubwa. Hesabu kilo ya chumvi kwa kila kilo ya ngozi mbichi, na bado utahitaji kiasi kama hicho siku ya pili. Sisi tumebahatika: Uvinza iko kwenye reli, njia ya kwenda Kigoma, na watu wamekuwa wakichemsha chumvi ya chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ila ukipata chumvi ya mawe, itwange kwenye kinu na kuichekecha mpaka iwe laini kama ya mezani. Punje kubwa huacha nafasi kati yake, na kwenye nafasi hizo ngozi inaoza.

Mnyama akiwa chini

Hapa ndipo ngozi nyingi hufia, kabla kisu hakijatoka alani. Kwenye joto la Septemba na Oktoba una saa chache tu. Msogeze mnyama kivulini. Usimburute, maana manyoya ya upande mmoja yatasagika na hayarudi. Mwinueni juu ya turubai. Damu iliyotapakaa shingoni ioshe kwa maji baridi kabla haijakauka.

Wenzetu Waislamu kambini wanahitaji mnyama achinjwe ndipo wale nyama yake. Lizungumzeni asubuhi kabla ya kutoka, kwa heshima, mkubaliane kwamba mnyama wa ukutani hakatwi koo na kwamba kitoweo chao kitatoka kwa mnyama mwingine wa kibali. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka kwa sababu jambo hili lilikumbukwa mnyama akiwa ameshalala.

Na mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, usimguse. Huenda ni kimeta. Ondoka na umwite mtaalamu wa mifugo au askari wa wanyamapori.

Piga picha za kichwa upande wa kulia, wa kushoto na mbele. Kisha pima, kwa sentimita: kutoka ncha ya pua hadi kona ya mbele ya jicho, kutoka ncha ya pua hadi kisogoni, mzunguko wa shingo nyuma tu ya masikio, mzunguko katikati ya shingo, na mzunguko pale shingo inapokutana na mabega. Fundi atachagua umbo la povu kwa namba hizi. Ukipima baada ya kuchuna, ngozi imeshavutika na namba zako zitamdanganya.

Mikato

Mkato wa kwanza unazunguka kifua chote nyuma ya mabega. Usiupeleke karibu na miguu ya mbele. Sogea nyuma shibiri nzima, katikati ya mbavu. Wageni wa kazi hii hukata ngozi fupi kwa hofu ya kuharibu, na fundi hujikuta hana ya kufunika kifua. Ngozi iliyozidi hukatwa kwa mkasi, iliyopungua haiongezeki.

Mkato wa pili unazunguka kila mguu wa mbele juu kidogo ya goti, kisha unapanda upande wa nyuma wa mguu hadi kukutana na ule wa kifua. Nyuma ya mguu, si mbele.

Wa tatu ndio uti wa kazi. Anzia kwenye mkato wa kifua, juu ya uti wa mgongo, uende mbele hadi kisogoni, ukomee upana wa kiganja nyuma ya pembe. Hapo gawanya njia mbili, moja kwenda kwenye shina la kila pembe. Palahala na korongo wana singa iliyosimama, yaani manyoya marefu ya juu ya shingo. Usipasue katikati yake. Pita pembeni mwa singa, upande mmoja tu, na mshono utafichwa na singa yenyewe.

Katika mikato yote, toboa kwanza, halafu geuza makali ya kisu yatazame juu na ukate kutoka ndani kwenda nje. Ukikata kutoka nje unayakata manyoya yenyewe, na mshono utaonekana kama njia ya panya. Ukikata kutoka ndani, manyoya yanajigawa tu.

Sasa chuna kuelekea kichwani, ukiivuta ngozi kwa mkono na kuigusa kwa kisu pale tu inapogoma. Shingo ikishakuwa wazi, tafuta kiungo cha kwanza nyuma ya fuvu, kata misuli kuizunguka, zungusha kichwa na kitakatika bila msumeno. Kichwa sasa kinaweza kwenda mezani.

Kichwani

Kaa, usifanye kazi hii umesimama. Mimi huketi chini ya mwembe, meza ya mbao mbele yangu, na kichwa kimoja cha palahala hunichukua saa moja na nusu. Anayemaliza kwa dakika ishirini ameacha kitu.

Masikio: fuata gegedu chini hadi kwenye fuvu na ulikate hapo, karibu na mfupa kabisa. Shina la sikio lote litoke na ngozi.

Pembe: ngozi imeshika shina la pembe kwa nguvu kuliko popote. Kata kwa ncha ya kisu, kisha ingiza bisibisi bapa kati ya ngozi na pembe, ukibenua kidogo kidogo kuzunguka. Hakuna manyoya yanayotakiwa kubaki kwenye pembe. Kila unywele uliouacha huko ni pengo ambalo fundi atalazimika kulijaza kwa udongo na rangi.

Macho: hapa punguza mwendo. Ingiza kidole cha mkono wa kushoto jichoni kutoka nje, uvute kope mbali na mfupa, na uache kisu kipite kati ya kidole chako na tundu la jicho, kikigusa mfupa muda wote. Kidole chako ndicho kinachoona. Kona ya mbele ya jicho imeshikwa sana, na wanyama wengi wana tezi mbele ya jicho. Funo ana mstari mrefu kabisa wa tezi usoni. Pale ngozi inapozama kwenye kishimo cha mfupa, kisu kizame nayo. Usikate njia ya mkato juu yake, utabaki na tundu usoni.

Midomo: fungua mdomo na ukate ndani, ufizini, karibu na meno. Ile ngozi nyeusi ya ndani ibaki na mdomo, angalau upana wa kidole. Fundi huikunja ndani ya umbo ili mdomo ufunge vizuri. Kijana mmoja niliyemfundisha aliniuliza, "Mzee, hii ya ndani si inatupwa?" Nikamwambia amtazame mbuzi aliye hai anapotafuna. Akarudi baada ya robo saa akaniambia, "Shikamoo tena, mzee. Nimeiona." Mdomo usio na ngozi ya ndani hauwezi kufunga, na mnyama anaonekana akicheka maisha yake yote.

Pua: kata gegedu upana wa vidole vitatu nyuma ya ncha ya pua. Ukikata karibu mno, matundu ya pua yatakosa kuta.

Kugeuza

Hatua hii ndiyo inayomtenganisha mchunaji wa nyara na mchinjaji, nami niliijua kwa uchungu. Palahala wangu wa kwanza nilimchuna vizuri, nikamwaga chumvi, nikalala nikijisifu. Sikuwa nimegeuza masikio. Baada ya siku nne nilivuta sikio la kushoto na manyoya yote yakabaki mkononi mwangu. Mwenye mnyama alikuwa amesafiri nusu ya dunia kwa ajili yake. Sikupata usingizi wiki ile.

Sababu ni kwamba chumvi haipenyi gegedu kwa haraka. Sikio lina ngozi ya nyuma, gegedu katikati na ngozi ya ndani. Kwa hiyo tenganisha ngozi ya nyuma na gegedu, ukianzia shinani. Tumia kisu mwanzo tu, kisha vidole, kisha kijiti cha mti laini kilichochongwa ncha ya mviringo. Sukuma taratibu hadi ncha ya sikio na kingo zote mbili, mpaka sikio zima ligeuke ndani nje kama soksi. Sentimita moja ukiiacha kwenye ncha, ndiyo itakayonyonyoka.

Midomo ipasuliwe kutoka ndani, kati ya ngozi ya nje na ya ndani, hadi karibu na ukingo, ifunguke kama mfuko. Kope vivyo hivyo. Pua nayo: pasua gegedu, fungua kila upande. Kisha kwangua nyama na mafuta yote, hasa mashavuni na shingoni.

Chumvi

Tandaza ngozi juu ya turubai, upande wa nyama ukitazama juu, mahali penye mteremko kidogo maji yatiririke. Mwaga chumvi na uisugue kwa mkono. Ingiza kwenye mfuko wa midomo, ndani ya sikio hadi nchani, kuzunguka macho, ndani ya pua, kwenye kingo zote zilizojikunja. Baada ya saa 24 kung'uta chumvi iliyolowa na uitupe. Imebeba damu na bakteria, haifai tena. Paka mpya. Baada ya siku nyingine itundike kivulini penye upepo, juu ya mti mnene ili isipate mkunjo.

Isiguse jua hata dakika moja. Jua la kiangazi cha Tabora hupika ngozi: kwa nje itaonekana imekauka vizuri, ila ikiingizwa kwenye maji ya kusindikia inavunjika kama chapati ya jana. Ikianza kukakamaa lakini bado inakunjika, ikunje, nyama kwa nyama, masikio yakiwa salama ndani.

Kuvua pembe

Usikimbilie msumeno. Wengi huombwa kukata kipande cha fuvu chenye pembe, na ukiombwa hivyo anzia nyuma ya fuvu, chini ya kisogo, msumeno upite katikati ya matundu ya macho na utokee juu ya mfupa wa pua, kwa mstari mmoja ulionyooka. Lakini kama hujaambiwa chochote, acha fuvu zima. Litakatwa baadaye likihitajika.

Tia alama ya kulia na kushoto kwenye pembe kwa kalamu ya wino usiofutika. Kisha zamisha fuvu kwenye pipa la maji hadi mashina ya pembe yafunikwe. Kwa joto la kwetu, swala pala huachia kati ya siku tano na kumi. Pofu na palahala huchukua zaidi. Kila siku ishike pembe kwa mikono miwili uizungushe. Ya tandala imejisokota, kwa hiyo inafunguliwa kama parafujo, haivutwi moja kwa moja. Ikigoma, gonga shina kwa kipande cha mti, si nyundo ya chuma. Harufu itakuwa kali; weka pipa mbali na nyumba za watu.

Wenye haraka huchemsha. Inawezekana, ila yaguse maji ya moto mashina tu, kwa nusu saa hivi, halafu ujaribu kuzungusha. Ganda likichemshwa muda mrefu hulainika, hupinda na kupoteza rangi yake.

Ganda likishatoka, lisugue ndani kwa brashi, lioshe, tia chumvi ndani na ulikaushe kivulini, mdomo ukiwa chini. Kiini cha mfupa kikwanguliwe utando wote. Kikiwa kirefu, unaweza kukikata na kubakiza theluthi moja, inatosha kushika ganda siku ya kulirudisha.

Fuvu lichemshwe bila pembe, kwa maji yanayotokota polepole yenye magadi kidogo, mpaka nyama iachie. Moto mkali hupasua mifupa ya pua na kulegeza meno. Ukitaka liwe jeupe, tumia haidrojeni peroksaidi na uvae glavu. Dawa za kung'arishia nguo zenye klorini ziache kabisa. Zinaendelea kuula mfupa, na baada ya mwaka unakuwa unga.

Mwisho, funga ngozi kwenye gunia linalopitisha hewa, kamwe si plastiki. Andika lebo mbili, moja ndani na moja nje: aina ya mnyama, tarehe, namba ya kibali, na vile vipimo vitano. Pembe zifunge pamoja na fuvu lake, alama zikionekana. Kabla ya kukabidhi, pitisha vidole kwenye ncha za masikio na kingo za midomo, uvute manyoya kidogo. Yakishika, mzigo uko tayari kupanda gari.